Je, mnandi ndiye anayemaliza samaki wa Mtera?

Kando ya Bwawa la Mtera, Tanzania, wengi wanaamini samaki wamepungua kwa sababu ya ndege wala samaki, mnandi na mwari. Imani hiyo inaeleweka: ndege hula mchana kweupe, nyavu nyingi hutegwa usiku.

Ila mnandi humeza zaidi samaki wadogo, ambao wengi wao wangekufa kabla ya kukua. Pigo zito liko kwenye mazalia. Perege dume huchimba kiota kwenye maji ya kina kifupi. Jike hutaga humo, kisha huatamia mayai mdomoni. Maji yakishuka haraka, viota hubaki nchi kavu. Kokoro (wavu wa kukokota) nalo likipita huvisawazisha na kuzoa vifaranga (ndiyo maana limepigwa marufuku).

Kagua mwenyewe. Vuta jicho la wavu mpaka linyooke, pima kwa rula fundo hadi fundo la mkabala ujue ukubwa wake. Mwaloni, samaki wanaposhushwa, pasua perege kumi bila kuchagua. Wengi wakiwa wadogo, na majike hayana dalili ya mayai, huenda wavu umewawahi kabla hawajazaa. Chini ya miti wanakolala mnandi, chambua matapishi yao makavu: mifupa iliyomo huonyesha ukubwa wa samaki waliomezwa.