Ushahidi wa kuunga mkono, na kile ambacho rufaa husema hasa

Hapa Kenya, kila hukumu ya unajisi, yaani ya kufanya ngono na mtoto, inapotenguliwa kwenye rufaa, maneno huwa yale yale: "Si nilisema? Lilikuwa neno la msichana dhidi ya neno la jamaa. Hakukuwa na ushahidi." Nimeyasikia kwenye matatu, nimeyasikia redioni asubuhi, na juzi nikayasikia kutoka kwa wakili mzima, tena mwenye ofisi hapa mjini. Huyo ndiye aliyenifanya niandike.

Maana kwanza, kwa haraka. Ushahidi wa kuunga mkono ni ushahidi unaotoka kwingine, si kwa mlalamishi, na unaoonyesha mambo mawili: kwamba kosa lilitendeka na kwamba aliyelitenda ni huyu aliye kizimbani. Fomu ya P3, ile ya polisi anayoijaza daktari, ikisema mtoto ameumizwa, hapo kuna jambo la kwanza tu. Daktari hakumwona aliyelitenda. Wengi hudhani P3 inamaliza kesi, na wengine hudhani bila P3 hakuna kesi, wote wamekosea. Mahakama ya Rufaa imesema mara kadhaa kwamba unajisi na ubakaji huthibitishwa kwa ushahidi, yakiwemo maneno ya aliyetendewa, wala si lazima kuwe na DNA au cheti cha daktari.

Ushahidi huo si lazima kisheria. Ulikuwa lazima zamani, na asili yake si nzuri kuisimulia. Katika karne ya 17 huko Uingereza jaji Matthew Hale aliandika kwamba shtaka la ubakaji ni jepesi kulitoa, gumu kulithibitisha, na gumu zaidi kwa mtu kujitetea hata akiwa hana hatia. Kutokana na mawazo ya aina hiyo ikajengeka desturi ya majaji kuonya kwamba si salama kumtia mtu hatiani kwa neno la mwanamke peke yake. Wakoloni wakaja nayo. Kwa hiyo mtu aliyenyang'anywa simu pale Ngara mchana kweupe aliweza kuaminiwa akiwa shahidi wa pekee, lakini aliyebakwa akaambiwa alete wa kumuunga mkono, kana kwamba wabakaji huwa wanaita watu waje kutazama.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mahakama ya Rufaa ilisema sharti hilo linawabagua wanawake na wasichana, na kwamba lilikwenda kinyume na Katiba ya wakati huo. Mwaka 2003 Bunge likaongeza maneno kwenye kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi ili neno la mtoto aliyedhulumiwa kingono liweze kutosha peke yake. Mwaka 2006 Sheria ya Makosa ya Kingono ikayapanua yamguse kila mwathiriwa, mtoto au mtu mzima. Waingereza wenyewe waliliondoa sharti la onyo hilo mwaka 1994. Sisi bado tunalitetea kwenye foleni ya Thika Road.

Sasa soma kifungu chenyewe polepole. Kinasema kwamba katika kesi ya kosa la kingono, ushahidi wa pekee ukiwa ni wa mwathiriwa, mahakama itaupokea na itamtia mshtakiwa hatiani ikiwa imeridhika kwamba mwathiriwa anasema kweli, kwa sababu zitakazoandikwa kwenye kumbukumbu za kesi. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayoamua rufaa nyingi. Hakimu wa Makadara au Kibera hawezi kusema tu "nimemwamini" akafunga faili. Aandike kwa nini: alijibu maswali ya upande wa pili bila kuyumba, alieleza mahali na wakati kwa namna inayolingana na mengine, hakuonekana kuwa na kinyongo na mshtakiwa.

Kwa nini karatasi iwe na uzito hivyo? Kwa sababu jaji wa Mahakama Kuu pale Milimani hamwoni msichana. Mbele yake kuna kurasa zilizopigwa chapa, "shahidi wa kwanza" juu, maelezo chini, na pengine mstari mmoja kwamba shahidi alilia au alisita. Kifungu cha 199 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamtaka hakimu aandike yale anayoona ya maana kuhusu mwenendo wa shahidi akitoa ushahidi. Tangu kesi ya Okeno ya mwaka 1972, mahakama ya rufaa ya kwanza ina wajibu wa kuupima ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake yenyewe, ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi wala kuwasikia. Ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani. Na hakimu akihamishwa katikati ya kesi, yule anayeandika hukumu naye huwa hakumwona msichana. Hapo majaji husoma kwa jicho kali zaidi. Rufaa ya pili, ile ya Mahakama ya Rufaa, ni ya hoja za sheria peke yake. Hapo kurudi kuuliza nani alisema kweli huwa kumeshapitwa.

Nifike sasa kwenye linaloniudhi zaidi. Kifungu cha 124 kinazungumzia ukweli wa shahidi, lakini mtu mkweli anaweza kukosea mtu. Amevamiwa usiku, taa hakuna, mvamizi hamjui, tendo limechukua dakika chache. Anachosema kuhusu alichotendewa ni kweli tupu, na bado jina alilolitaja polisi linaweza kuwa la asiyehusika. Kwa hiyo mahakama huuliza maswali mengine kabisa: mwanga ulitoka wapi, alikuwa umbali gani, walikuwa wakijuana kabla, alimtaja kwa nani na lini. Tahadhari hiyo juu ya utambuzi wa shahidi mmoja ni ya kesi zote, hata za wizi wa kimabavu. Haikutungwa kwa ajili ya wanawake, na mabadiliko ya 2003 na 2006 hayakuigusa. Mshtakiwa akiwa baba wa kambo au jirani wa ploti moja, swali hilo huwa dogo. Akiwa mgeni gizani, ndilo linaloweza kuamua kesi nzima.

Ndiyo maana jaji anaweza kuandika ukurasa mzima akikubali kwamba mtoto alinajisiwa, halafu ukurasa unaofuata akamwachilia mtu kwa sababu hakuna uhakika kwamba ni yeye. Kesho yake unasikia "korti imesema msichana alidanganya". Haikusema hivyo. Ilisema upande wa mashtaka haukuthibitisha aliyetenda ni nani, na wakati mwingine haikufika hata hapo: ilisema tu kwamba hakimu hakuandika sababu zake, au kwamba kesi isikizwe upya. Wenzangu wa habari, na wewe wakili wa juzi, someni aya za katikati za hukumu kabla ya ile ya mwisho. Kichwa cha habari kikisema "utambuzi haukuthibitishwa" kitakuwa kirefu kidogo, lakini kitatosha kwenye ukurasa.