Ametulia, basi aache dawa?

Mtu mwenye baipola, ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, akitulia, hapa Mbeya ndugu huanza kusema: "Mwenzetu kapona, vidonge vya nini tena?" Wanasema kwa upendo, lakini kauli hii huwarudisha wengi wodini.

Baipola haiendi kama malaria, umeze dozi na yaishe. Huja kwa vipindi. Kuna kipindi cha kupanda, wiki nzima au zaidi: analala kwa saa mbili tu na hachoki, anaongea mfululizo, yuko tayari kuuza shamba la viazi kwa bei ya kutupa. Kuna cha kushuka, ambacho hata kuoga ni mzigo. Katikati anaweza kuwa mzima kabisa, yuko sokoni Mwanjelwa anapima mchele. Utulivu huo mara nyingi ni kazi ya dawa yenyewe.

Chukua mfano wa lithiamu, mojawapo ya dawa hizo, ambayo daktari John Cade wa Australia aliandika juu yake mwaka 1949. Huzuia vipindi visirudi, na kuikatisha ghafla huongeza hatari ya kurudiwa, hata ya mtu kujiua. Ila inataka uangalizi: damu hupimwa, kwa sababu lithiamu ikizidi ni sumu. Akitapika, akiharisha au akitetemeka sana, awahi hospitali siku hiyohiyo. Na asijinunulie dawa ya maumivu ya diklofenaki dukani kwa ajili ya mgongo uliochoka kwa jembe, maana inaweza kuipandisha lithiamu mwilini.

Kama dawa inamnenepesha au inamchosha, amwambie daktari. Dozi hurekebishwa, na dawa nyingine zipo.