Umbo la transdyusa: kwa nini uru badala ya mstatili?

Kwenye banda letu la Nanenane, viwanja vya Ngongo, Lindi, kilichoulizwa sana ni kipande cha fuwele kisichozidi kiberiti, ubavuni kikiwa na alama ya metali yenye umbo la uru wa karata. Wengi walidhani ni urembo.

Hiyo ni transdyusa. Ni sahani nyembamba inayotetemeka ikipewa umeme, tuseme wa masafa ya megahezi 80 (mitetemo milioni 80 kwa sekunde), na umbo lake hupatikana kwa tabaka la metali lililopakwa juu: pasipo na metali hapatetemeki. Mtetemo huo hupeleka sauti ndani ya fuwele. Katika fuwele ya teluriamu dioksaidi sauti huweza kwenda mita 4,200 kwa sekunde, hivyo wimbi moja lina urefu wa milimita 0.05 hivi. Leza ikipita humo hukuta migandamizo iliyojipanga, na sehemu ya mwanga hugeuzwa njia. Léon Brillouin wa Ufaransa alilitabiri jambo hili mwaka 1922. Majaribio ya Marekani na Ufaransa yakalionyesha mwaka 1932.

Mvuvi wa Mikindani mwenye mashine ya kutafutia samaki anaijua nusu ya habari: kwa masafa yaleyale, transdyusa yenye uso mpana hulenga sauti pamoja, yenye uso mdogo huitawanya. Ndani ya fuwele ni vilevile. Ukirefusha transdyusa kufuata njia ya mwanga, mwanga mwingi zaidi hugeuzwa, lakini masafa yakihama kidogo tu ufanisi unaporomoka. Ukipunguza kimo chake, yaani kipimo kinachokingama na njia ya mwanga, nguvu ya sauti hubanwa pamoja. Ni vizuri, ila mwale wa leza nao lazima utoshe humo.

Tatizo la mstatili ni kwamba sauti yake huanza ghafla na kukoma ghafla. Chora grafu ya ufanisi na masafa: pembeni mwa kilele kikuu vitatokea vilele vidogo, kikubwa chao kikifika karibu asilimia 5 ya kile kikuu. Kwa kifaa cha kuchuja rangi, ambamo masafa ya sauti ndiyo huchagua rangi ya kugeuzwa, maana yake kijani inavujia kwenye njano. Kwa uru, leza ikijaza kimo chote, mwanga hukutana na sauti inayoongezeka taratibu hadi katikati, kisha ikapungua. Kilele cha pembeni hushuka hadi asilimia 0.2 hivi.

Si bure. Kilele kikuu hupanuka, na eneo linalotetemeka ni nusu ya mstatili wa urefu na kimo hichohicho. Kwa swichi ya kuwasha na kuzima leza ningechukua mstatili bila kusita. Hapo hakuna rangi jirani ya kuvujiwa.