Mahali pa Hewa ya Mashaka: Kusahihisha Mwongozo wa Usalama Melini

Mwezi Juni 2025, Kamati ya Usalama wa Bahari ya Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, ilipitisha azimio MSC.581(110), lenye mapendekezo mapya kuhusu namna ya kuingia katika vyumba vilivyofungwa ndani ya meli. Mapendekezo hayo yamechukua nafasi ya yale ya azimio A.1050(27) la mwaka 2011, ambayo yalikuwa msingi wa karibu kila kitabu cha usalama nilichokifungua tangu nianze kazi hii ya kuandaa miongozo ya meli za mizigo za mwambao wetu. Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikiyaingiza mabadiliko hayo katika vitabu vya meli, kimoja baada ya kingine, na nimeona nieleze yaliyobadilika, kwa sababu nimekwisha kukutana na vitabu vilivyobadilishwa namba ya azimio kwenye ukurasa wa kwanza huku maelezo ya ndani yakiachwa vilevile.

Chumba kilichofungwa, kwa maana ya mapendekezo haya, ni mahali penye tundu finyu la kuingilia na kutokea, pasipopitisha hewa ya kutosha, au pasipojengwa ili mtu akae humo akifanya kazi muda wote. Ngama, yaani tumbo la meli linalobeba mizigo, imo, matangi ya maji ya farumi, yale yanayoipa meli uzito wa kutulia, yamo, matangi ya mafuta, chumba cha pampu na chumba cha mnyororo wa nanga vimo pia. Baharia mgeni hudhani kwamba hatari ya mahali kama hapo ni gesi yenye harufu kali itakayomwonya kabla haijamdhuru. Mara nyingi hatari ni chuma chenyewe. Chuma kinaposhika kutu hutwaa oksijeni iliyomo hewani, na tangi tupu lililofungwa kwa majuma kadhaa linaweza kubaki na hewa isiyomfaa kiumbe chochote, bila harufu na bila rangi. Shehena nayo hufanya hivyo hivyo: mbao, mbata, mashudu, vyuma chakavu, na makaa ya mawe kama yale yanayopakiwa Mtwara, vyote hula oksijeni, nayo nafaka iliyofukizwa dawa ya wadudu inaweza kuwa bado inatoa fosfini, gesi ya sumu, wakati ngama inapofunguliwa. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Ikishuka chini ya 10 mtu huzimia upesi, na ikifika 5 au 6 pumzi chache tu humwangusha kabla hajatambua kwamba anahitaji kurudi.

Kisa ninachokieleza katika kila mafunzo ni cha meli iitwayo Viking Islay, iliyokuwa kazini katika Bahari ya Kaskazini, upande wa mashariki wa Uingereza, tarehe 23 Septemba 2007. Mnyororo wa nanga ulikuwa ukigonga, na mabaharia wawili wakaenda kuufunga ili utulie. Wa kwanza aliposhuka katika chumba cha mnyororo alianguka, na wa pili akamfuata kumsaidia naye akaanguka. Wa tatu alivaa vifaa kamili vya kupumulia, lakini mtungi haukupita katika tundu la kuingilia, kwa hiyo akachukua kifaa kidogo kilichotengenezwa kwa ajili ya kukimbilia nje ya moshi, akashuka nacho. Wote watatu walifariki. Kutu ndiyo iliyokuwa imemaliza oksijeni. Meli hiyo kazi yake ilikuwa kulinda na kuokoa watu wa majukwaa ya gesi baharini, na wafanyakazi wake walikuwa watu waliofunzwa uokoaji. Sikitaji kisa hiki kwa kuwalaumu, bali kwa sababu kinamwondolea msikilizaji dhana kwamba waliokufa hivi walikuwa wazembe.

Mpaka sasa sheria imejibu kwa hatua mbili kubwa. Tangu Januari 2015 Mkataba wa SOLAS, ule wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unataka zoezi la kuingia na kuokoa watu katika vyumba vilivyofungwa lifanyike kila baada ya miezi miwili, na tangu tarehe 1 Julai 2016 unataka kila meli inayohusika iwe na kipima hewa cha kubebeka, ambacho kwa uchache kinapima oksijeni, gesi zinazowaka, haidrojeni salfaidi na kaboni monoksaidi. Orodha hiyo ya vitu vinne ndiyo iliyozaa pengo ambalo mapendekezo mapya yanajaribu kuliziba, na hapa naomba msomaji anifuate polepole.

Kaboni dayoksaidi haimo katika orodha. Watu wengi hufikiri kwamba haina haja ya kuwamo, kwa kuwa ikizidi oksijeni itapungua na kipima hewa kitalia. Tufanye hesabu. Chukua chumba ambamo kaboni dayoksaidi imevuja kutoka kwenye mitungi ya kuzimia moto mpaka ikafika asilimia 5 ya hewa yote. Gesi hiyo imesukuma nje sehemu 5 za hewa kati ya 100, lakini katika sehemu hizo 5 oksijeni ilikuwa moja tu, nyingine zikiwa naitrojeni. Oksijeni basi imeshuka kutoka 20.9 hadi kama 19.9. Vipima hewa vingi hutegwa vilie oksijeni ikifika 19.5, kwa hiyo hapa hakitalia, na aliyeko mlangoni ataandika kwenye kibali, ile karatasi ya ruhusa ya kuingia, kwamba hewa ni salama. Aliyeingia atahema kwa nguvu, kichwa kitamuuma na mawazo yatamvurugika. Kaboni dayoksaidi ikifika asilimia 10 humzimisha mtu ndani ya dakika chache, ilhali oksijeni kwa hesabu ileile ingali karibu 19. Gesi hii hudhuru mwili yenyewe, haingoji oksijeni iishe. Ndiyo maana mapendekezo ya 2025 yanaitaja waziwazi kuwa ni ya kupimwa, na ndiyo maana mimi huwaambia wenye meli kwamba fedha ya kununua kipima hewa chenye sehemu ya kaboni dayoksaidi itangulie kabla ya fedha ya kuchapisha kitabu kipya.

Jambo la pili ni vyumba vinavyopakana. Tarehe 26 Mei 2014, katika bandari ya Goole nchini Uingereza, mabaharia watatu wa meli Suntis iliyokuwa na shehena ya mbao walifariki katika kijichumba cha ngazi ya kushukia ngamani. Vipimo vilivyofanywa baadaye vilikuta oksijeni chini ya ngazi hiyo ikiwa kati ya asilimia 5 na 6. Kwa macho, kijichumba kile ni njia ya kupita tu, lakini hewa yake ilikuwa ya ngamani, na mbao zilikuwa zimekwisha kuila. Mapendekezo mapya yanafafanua zaidi vyumba vilivyounganika na vilivyo jirani, kisha yanataka kila meli iwe na rejista ya vyumba vyake vyote vilivyofungwa, pamoja na hatari za kila kimoja. Kwa maoni yangu rejista hiyo ndiyo moyo wa mabadiliko yote, kwa sababu haiwezi kunakiliwa kutoka meli nyingine. Ni lazima mtu atembee melini, mlango kwa mlango.

Lugha nayo ilinisumbua kuliko nilivyotarajia. Kanuni za ISM, zile za kimataifa za kusimamia usalama wa meli, zinataka wafanyakazi wapate maelezo ya mfumo wa usalama kwa lugha ya kazi au kwa lugha wanazozielewa, na katika meli ndogo za mwambao lugha hiyo ni Kiswahili. Nilipotafsiri mara ya kwanza niliandika «chumba kilichofungwa», kama nilivyoandika hapo juu, nikaridhika. Kisha baharia mmoja kijana akaniuliza, kwa nia njema kabisa, kwa nini adai kibali cha kuingia ngamani ilhali mfuniko umekuwa wazi tangu alfajiri. Kwa Kiswahili chake, kilichofunguliwa si kilichofungwa tena. Tangu siku hiyo, katika karatasi zinazobandikwa milangoni, naandika «mahali pa hewa ya mashaka», na chini yake naeleza kwamba mashaka hayaondoki kwa kufungua mfuniko, yanaondoka kwa kupitisha hewa na kupima juu, katikati na chini, kisha kuendelea kupima muda wote mtu awapo ndani.

Yako mabadiliko mengine yanayostahili kuingizwa katika marekebisho hayohayo. Marekebisho ya 2022 ya Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, yaliyoanza kutumika tarehe 23 Desemba 2024, yanataka vifaa vya kujikinga viwe vya kumwenea mvaaji, jambo lenye uzito kwa wanawake wanaoingia kazini na kupewa mikanda ya usalama ya saizi moja tu. Kenya imeridhia mkataba huo tangu 2014 na Tanzania tangu 2019, kwa hiyo si jambo la hiari ya mwenye meli.

Juma lililopita nilikuwa katika meli moja yenye umri mkubwa, nikiandika rejista yake pamoja na serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia wa sitaha, mzee aliyefanya kazi baharini tangu ujana wake. Nilikuwa nimekwisha kuorodhesha mahali 14 kwa kufuata michoro ya meli. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, «Mwalimu, na kule tunakoweka rangi?» Nikamjibu, «Mzee, kule ni stoo, ina mlango wa kawaida.» Akanichukua mpaka mbele ya meli, akaondoa makopo mawili, akanionyesha chini ya rafu kifuniko cha chuma chenye boliti mbili tu zilizobaki kati ya nane. Upande wa pili kilikuwapo chumba cha mnyororo wa nanga. Stoo ya rangi ikaandikwa namba 15, mlango wake ukabandikwa karatasi, na boliti sita zikaagizwa siku hiyohiyo.