Mche wa nyanya kabla haujaingia kitalu nyumba

Wakulima wengi wanaonijia kuhusu kitalu nyumba, yaani banda la nailoni la kukuzia mimea, huanza na nailoni: bei yake, unene wake, itadumu misimu mingapi. Mimi huanza na swali la miche watakayoipata wapi. Huku Arumeru nimeona vitalu nyumba imara kabisa vikijazwa miche dhaifu iliyonunuliwa barabarani, na inzi weupe wakaingia wakiwa wamejificha chini ya majani. Neti ya pembeni inawazuia walio nje tu. Hao wa kwenye trei umewafungulia mlango mwenyewe, na ndio wanaoeneza virusi vya kukunja majani.

Kwa ndani, tafuta mbegu ya nyanya inayoendelea kurefuka, kama Anna F1, inayopanda kwenye kamba na kuzaa kwa miezi mingi. Nyanya fupi kama Cal J iache shamba la wazi. Mbegu chotara kama hiyo Anna ni ghali, kwa hiyo weka moja kwa kila tundu la trei, kina kisichozidi sentimita moja.

Udongo wa shambani sishauri kuuweka kwenye trei, maana unabeba minyoo fundo, inayovimbisha mizizi, na bakteria wa mnyauko. Tumia makumbi ya nazi yaliyosagwa, ila yasuuze kwanza kwa maji mengi, kwani mara nyingi yana chumvi. Yakiwa tayari, kamata konzi moja ulikamue: likitoa tone moja au mawili, unyevu unatosha. Likichuruzika, umezidisha.

Kwenye joto la nyuzi 20 hadi 30 mbegu huchomoza ndani ya wiki moja hivi. Kwenye baridi ya Juni na Julai, subira. Kama umefunika trei, ondoa kifuniko siku ile ile unapoona shingo za kwanza, la sivyo miche itarefuka kama uzi ikitafuta mwanga. Mwagilia asubuhi. Kulaza trei zikiwa zimelowa ni kukaribisha kinyausi: shina linalegea pale linapogusana na udongo, linakuwa jembamba, kisha mche unaanguka majani yakiwa bado ya kijani. Ulioanguka hauponi. Utoe pamoja na udongo wake, punguza maji, ruhusu hewa ipite.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua zaidi. Wengi huruka hatua ya kukomaza miche, yaani kuizoesha joto na maji machache kabla ya kuihamisha, kwa hoja kwamba inatoka kivulini kwenda chini ya nailoni, haiendi juani. Ingia kitalu nyumba saa saba mchana, mapazia ya pembeni yakiwa yamefungwa, ukiwa na kipimajoto mkononi. Nje inaweza kuwa nyuzi 28, na ndani ukasoma zaidi ya 40. Mche uliolelewa kwenye kivuli na maji mengi una majani laini na mizizi mivivu. Ukiuingiza humo ghafla, unapoteza maji kuliko mizizi inavyoweza kuyavuta. Hata usipokufa, unadumaa, na kichala cha kwanza kinachelewa.

Kwa hiyo wiki ya mwisho punguza maji kidogo kidogo, bila kuiacha miche ikauke. Ondoa kivuli saa chache, kesho yake ongeza. Kisha peleka trei ndani ya kitalu nyumba chenyewe asubuhi na uzitoe kabla ya joto kupanda, ukirefusha muda kila siku. Mche uliokomaa unautambua kwa vidole: shina halipindi ovyo, chini lina rangi ya zambarau kwa mbali, na jani limekoza kijani.

Hamisha ukiwa na majani halisi manne hadi sita, kwa kawaida wiki ya nne au ya tano. Ukianza kutoa maua kwenye trei, umechelewa. Fanya kazi jioni, mapazia yakiwa wazi, na mashimo yakiwa yamelowa tayari. Anayevuta sigara anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche, kwa sababu tumbaku inaweza kubeba virusi vya batobato, ugonjwa wa mabaka kwenye majani. Bonyeza tundu kutoka chini, donge litoke zima. Mizizi iwe myeupe na imeshika udongo pande zote. Ya kahawia, au iliyojisokota kuzunguka donge, tupa mche huo.

Mche uliorefuka unaweza kuuzamisha, kwani shina la nyanya huota mizizi likifukiwa. Uliounganishwa kwenye shina la kuhimili mnyauko usiuzamishe hivyo. Kiungo kibaki juu ya udongo, vinginevyo sehemu ya juu itaota mizizi yake na kupokea ugonjwa uleule uliokuwa ukiukwepa.

Nafasi ya sentimita 45 hadi 60 kati ya mche na mche inatosha. Siku za kwanza fungulia maji ya mipira ya matone kwa muda mfupi, mara nyingi zaidi, kwa sababu mizizi bado imo ndani ya donge lake. Kamba na kupogolea vitasubiri. Bakiza trei moja ya akiba kivulini kwa ajili ya kurudishia mapengo, na urudishie ndani ya wiki ya kwanza. Mche utakaoupanda baadaye utafunikwa na wenzake.