Gari kuchemsha: dhana potofu zinazoua injini Tabora na Kigoma

Gari la familia likichemsha kati ya Urambo na Kaliua, ushauri hutoka kila upande. Toa themostati. Feni ipigwe dairekti, yaani iunganishwe moja kwa moja na betri. Mwaga maji. Mengi ya mashauri hayo yana chembe ya ukweli, ndiyo maana hayafi. Lakini kabla hujanunua kifaa chochote, jibu swali moja: linachemsha likiwa limesimama, au likiwa linakimbia? Jibu hilo huondoa nusu ya kazi ya kutafuta ubovu, na inasikitisha kwamba gereji nyingi hufungua vitu bila kuliuliza.

"Limechemsha, basi feni imekufa"

Feni huvuta hewa ipite kwenye rejeta gari likiwa limesimama au linatembea polepole. Ukishafika kilomita 60 kwa saa, upepo wa mwendo unafanya kazi hiyo wenyewe. Kwa hiyo gari linalopandisha joto sokoni, au linapopanda taratibu kutoka stesheni ya Kigoma kuelekea Mwanga, kisha likapoa ukishika barabara kuu, hilo ni la feni. Gari linalotulia mjini lakini mshale unapanda ukiwa kwenye 90 kuelekea Nzega, feni haihusiki. Shuku rejeta iliyoziba ndani au nje, themostati (mlango mdogo unaoruhusu maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto) isiyofunguka yote, pampu ya maji iliyoliwa mapanga, au mpira wa chini wa rejeta unaojikunja kwa kunyonywa injini inapozunguka kwa kasi. Linalochemsha popote, tena dakika chache tu baada ya kuwashwa, mara nyingi limepungukiwa maji au gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini, imeshaachia.

Ikiwa dalili zinaelekea kwenye feni, pima kwa mpangilio huu. Washa injini na AC. Kwenye magari mengi feni inapaswa kuanza kompresa inaposhika. Isipoanza, tafuta boksi la fyuzi chini ya boneti. Kwenye Toyota nyingi utaona maandishi RDI FAN, na kwa feni ya AC, CDS FAN. Fyuzi huwa ya ampea 30 au 40, na wakati mwingine imeungua kwenye miguu ilhali juu inaonekana nzima, kwa hiyo ichomoe uitazame. Kisha badilisha relei ya feni, yaani swichi yake ya umeme, na nyingine ya aina ileile kwenye boksi hilohilo. Feni ikizunguka, umepata mgonjwa kwa bei ya relei moja. Bado? Chomoa soketi ya feni yenyewe, uipe volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa waya mbili nene. Isipozunguka, mota imekufa, mara nyingi kwa kaboni kwisha. Ikizunguka, mota ni nzima na ubovu uko kwenye waya, ethi (waya unaoshika bodi) au sensa ya joto la maji. Kuhusu sensa, kwenye Toyota nyingi ukichomoa soketi yake swichi ikiwa imewashwa, feni inaanza, kwa sababu kompyuta ya injini inajilinda. Ikianza hapo, waya na relei ni salama, geukia sensa. Kuichomoa huko kunaweza kuwasha taa ya injini, hivyo usishtuke.

Jambo moja husahaulika baada ya feni kubadilishwa. Feni iliyo nyuma ya rejeta lazima ivute hewa kuja kwenye injini. Waya zikigeuzwa, inapuliza kwenda mbele, inapigana na upepo wa mwendo, na gari linachemsha likiwa na feni mpya. Weka karatasi mbele ya grili: ikinasa, uko sawa. Na lile kava la plastiki linalozunguka feni lisitupwe; bila hilo, feni inazungusha hewa ileile ya chini ya boneti.

"Feni ipigwe dairekti, izunguke muda wote, utalala usingizi"

Kama njia ya kufika Kasulu leo, inakubalika. Kama tiba, hapana. Mota iliyotengenezwa kufanya kazi kwa vipindi inamaliza kaboni mapema. Ikiunganishwa kwa waya nyembamba bila relei wala fyuzi, waya unayeyuka, na gari limebeba watoto. Halafu dairekti inaficha sababu: sensa mbovu inayoshindwa kuamsha feni inaweza pia kudanganya kompyuta juu ya mafuta yanayopulizwa, ukaanza kulalamika kuwa gari linakula.

Magari yenye feni inayozungushwa na mkanda, kama baadhi ya Prado na Hiace, yana kikombe chenye mafuta ya silikoni kinachoishika feni injini ikipata moto. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, sukuma feni kwa mkono. Inapaswa kuwa nzito. Ikizunguka raundi kadhaa bila kizuizi, kikombe kimekufa. Kukichomelea ili feni izunguke daima kunakula mafuta na kuchosha beringi za pampu, badilisha kikombe.

"Themostati ni ya nchi za baridi, huku kwetu itolewe"

Hii ni dhana iliyoharibu injini nyingi, na fundi anayeitoa huonekana ameponya kwa wiki chache. Themostati za Toyota nyingi zina visahani viwili. Cha kwanza hufungua njia ya rejeta maji yakifika nyuzi 82 hivi. Cha pili, kwa wakati huohuo, huziba njia ya mkato ambayo maji hupitia kurudi kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupozwa, na hapo ndipo gari linapozidiwa kwenye mlima likiwa na abiria saba na mizigo. Asubuhi nayo injini inachelewa kupata joto, inachoma mafuta mengi na kulika haraka.

Kuipima hakuhitaji gereji. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse kitako, weka kipimajoto, bandika jikoni. Inapaswa kuanza kuachia karibu na namba iliyogongwa juu yake (82 kwa kawaida), na kwenye nyuzi 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Isiyofunguka, inayofunguka nusu, au iliyobaki wazi baada ya kupoa, nunua mpya pamoja na mpira wake. Unapoirudisha, kile kipini kidogo kinachocheza kiwe juu. Ndicho kinachoruhusu hewa kutoka.

"Kulanti ni ya Ulaya kwenye barafu, sisi maji yanatosha"

Kulanti ni dawa inayochanganywa na maji ya rejeta. Hapa jiografia yetu inahusika kabisa. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji kwenye sufuria wazi huchemka kwenye nyuzi 96. Kigoma, kando ya ziwa, ni nyuzi 97 na kidogo. Sasa linganisha: feni nyingi za umeme huanza maji yakifika kati ya nyuzi 93 na 98. Gari lenye maji matupu na mfuniko wa rejeta uliolegea linaweza kuchemka feni ikiwa ndiyo kwanza inaamka. Gari hilohilo Dar es Salaam lingeponea chupuchupu.

Kinachookoa ni shinikizo. Mfuniko ulioandikwa 0.9, ambayo ni namba ya shinikizo lake, unazuia mvuke kiasi kwamba, hapo Tabora, maji hayachemki hadi karibu nyuzi 116. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu inaongeza nyuzi kadhaa tena. Ndiyo maana mfuniko, ambao ni kifaa cha bei ndogo, uwe wa kwanza kuangaliwa: mpira wake ukiwa umepasuka au umekakamaa, au springi imelegea, badilisha kwa namba ileile. Usiweke 1.1 palipokuwa na 0.9 ukidhani unaongeza nguvu. Utapasua rejeta ya plastiki iliyozeeka.

Kulanti pia inazuia kutu na kulinda sili ya pampu. Maji ya kisima huacha ukoko wa chokaa ndani ya vijibomba vya rejeta. Maji ya Ziwa Tanganyika ni masafi machoni, lakini yana alikali, pH yake inakaribia 9, na yana magnesiamu nyingi. Bila kinga ya kemikali, aluminiamu ya silinda hedi na rejeta haiyapendi. Gari dogo kama IST huchukua takriban lita 5, yaani lita 2.5 za kulanti nzito na 2.5 za maji yaliyotoneshwa (yaliyosafishwa kwa mvuke). Ukikosa, maji ya mvua yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa na mvua za kwanza ni bora kuliko ya kisima. Ukinunua "maji ya betri" soma chupa vizuri, kwani nyingine ni asidi. Kulanti iliyokwisha changanywa kiwandani usiiongeze maji. Rangi haikuambii aina. Usichanganye nyekundu ya chupa hii na nyekundu ya chupa ile kwa kuamini macho.

"Rejeta imejaa hadi mdomoni, kwa hiyo maji yapo"

Baada ya maji kumwagwa na kujazwa, hewa hunasa ndani ya injini. Paki kichwa cha gari kikitazama juu ya mteremko, weka hita kwenye joto la mwisho, acha mfuniko wazi injini ikiwa ya baridi, kisha washa. Bonyezabonyeza mpira wa juu, ongeza maji kila yanaposhuka, hadi mpira wa chini upate moto na mapovu yaishe. Zima, funga, jaza kopo la akiba hadi alama. Kesho asubuhi tazama tena.

"Mshale uko katikati, kila kitu shwari"

Magari mengi ya kisasa mshale wake umefundishwa kukaa katikati hata joto likicheza nyuzi ishirini na zaidi. Mengine hayana mshale, yana taa ya bluu na nyekundu tu. Kibaya zaidi, maji yakiisha kabisa, sensa inabaki hewani na mshale unaweza kushuka ghafla. Dereva anashukuru, kumbe injini inaungua. Kifaa kidogo cha OBD, kinachochomekwa kwenye soketi ya kusomea kompyuta ya gari na kuongea na simu, kitakuonyesha nyuzi halisi: 85 hadi 100 hivi ni kawaida kwa magari mengi.

"Fungua mfuniko haraka, mwaga maji ya baridi"

Maji yaliyo juu ya nyuzi 100 yakifunguliwa hugeuka mvuke papo hapo, usoni kwako. Joto likianza kupanda, zima AC, washa hita kwa nguvu yote na fungua madirisha. Hita ni rejeta ndogo ya pili na kweli inasaidia. Taa nyekundu ikiwaka, paki na zima. Subiri dakika 30 hadi 45, hadi mpira wa juu ubonyezeke bila kuwa mgumu. Fungua kwa kitambaa kinene, robo zungusho kwanza. Maji ya baridi kwenye injini ya moto hupinda silinda hedi, na kwa injini nyingi ndogo za Toyota kupinda kunakoruhusiwa ni milimita 0.05 tu.

Na rejeta ikivuja, unga wa manjano, ute wa yai au tumbaku ndani yake huziba tundu, na huziba vijibomba na hita vilevile.

"Kioo cha mbele kikiwa safi, rejeta nayo iko safi"

Mvua za Novemba zinapokuja na kumbikumbi, grili hujaa mbawa kwa usiku mmoja. Kiangazi ni vumbi na mbegu za nyasi. Uchafu hujificha kati ya kondensa ya AC na rejeta, mahali pasipoonekana kwa mbele. Pitisha maji ya bomba la kawaida kutoka upande wa injini kuelekea nje. Mashine ya presha ikisogezwa karibu hulaza mapezi ya rejeta, na hewa haipiti tena.

"Gasketi imeungua, fungua silinda hedi"

Dai ushahidi kwanza. Mapovu yasiyoisha kwenye rejeta tangu injini ikiwa baridi, mpira wa juu kuwa mgumu ndani ya dakika mbili tatu, moshi mweupe mzito usiokoma, oili ya rangi ya chai ya maziwa, au dawa ya kupimia gesi kugeuka kutoka bluu kuwa njano. Ikithibitika, silinda hedi ipimwe kwa rula ya chuma na ichongwe mashineni ikibidi, na boliti zikazwe kwa spana ya toki kwa hatua. Kwa injini ya Toyota 2AZ-FE, iliyofungwa kwenye baadhi ya RAV4 na Alphard, kagua pia nyuzi za boliti ndani ya bloku kabla ya kununua gasketi; zikiwa zimeng'oka, gasketi mpya haitashika hadi ziwekewe vishikio vya chuma.