Je, Wajua Kwa Nini Mchoro Huweza Kupatanisha Upande wa Kiume na wa Kike Ndani ya Mtu?

Mtoto wa kiume akianguka na kuchubuka goti, mara nyingi neno la kwanza analolisikia ni "jikaze kiume". Msichana anayetetea hoja zake na kukataa kunyamazishwa naye hakawii kuitwa jikedume. Maneno haya tunayatamka bila hata kufikiri, lakini yanaonyesha jinsi tunavyozigawa tabia za binadamu mafungu mawili, tukamkabidhi kila mtu fungu lake na kumtaka alifiche lile jingine. Kinachofichwa hakitoweki. Kwa nini basi baadhi ya wataalamu wa nafsi, wanapotaka mtu akutane na upande aliofundishwa kuuficha, humpa karatasi na rangi badala ya kumwomba aueleze kwa maneno tu?

Wazo lenyewe linatokana hasa na Carl Gustav Jung (1875–1961), daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi, aliyefundisha kwamba ndani ya kila mwanamume mna taswira ya kike, ambayo aliiita anima, na ndani ya kila mwanamke mna taswira ya kiume, animus. Hakulipata wazo hilo vitabuni tu. Kuanzia mwaka 1913, urafiki wake na Sigmund Freud, mwasisi wa uchanganuzi wa nafsi, ulipovunjika, alipitia msukosuko mkubwa wa nafsi, akawa anaandika madaftarini maono na ndoto zilizomjia. Alipojiuliza kazi hiyo ni kitu gani hasa, alisikia ndani yake sauti ya mwanamke ikimjibu kwamba ni sanaa. Alibishana nayo, na katika kubishana ndipo alipotambua kuwa ndani yake mlikuwa na mtu wa pili wa kuzungumza naye. Maono hayo aliyanakili kwa mwandiko wa mapambo na kuyapaka rangi katika kitabu kikubwa chenye jalada jekundu, kazi iliyomchukua takriban miaka 16, na ambayo haikuchapishwa hadi mwaka 2009.

Hata hivyo, kisa kinachoeleza vizuri zaidi jinsi mchoro unavyofanya kazi ni cha mgonjwa mmoja ambaye Jung, ili kumsitiri, alimwita X. Alikuwa mwanamke wa Marekani, msomi, mwenye umri wa miaka 55, aliyefika kwake mwaka 1928. Jung alimwelezea katika maandishi yake kuwa ni binti wa baba: aliyelelewa karibu mno na baba, aliyeishi kwa akili na hoja, na ambaye uhusiano wake na mama ulikuwa dhaifu. Kabla ya kwenda Uswisi alipitia Denmark, nchi ya mama yake, na mandhari ya huko ikamgusa kwa namna asiyoitarajia, hata akashikwa na hamu ya kuchora, yeye ambaye hapo awali hakuwahi kujiona kuwa na mwelekeo wowote wa sanaa.

Siku moja akiwa anachora mandhari kutoka kumbukumbuni, picha nyingine ilimjia ghafla: alijiona yuko ufukweni penye mawe makubwa, nusu ya mwili wake wa chini imenaswa ndani ya jabali, naye hana uwezo wa kujinasua. Katika njozi hiyo Jung alitokea kama mganga wa kale, akaligusa jiwe kwa fimbo, likapasuka, na mwanamke akatoka bila jeraha. Aliiacha mandhari, akachora njozi.

Hapa ndipo penye jambo la kutazamwa kwa makini. Mkono wake haukuwa na ustadi, na mawe aliyokusudia kuyachora kama mawe ya kawaida yalikataa kutii. Baadhi yalitokea karatasini mfano wa mayai ya kuchemsha yaliyokatwa katikati, kiini kikionekana ndani. Mchoraji hodari angeyafuta na kuyarekebisha. Yeye hakuweza, na kwa kuwa hakuweza, kitu ambacho hakukipanga kikapata nafasi ya kuonekana. Katika picha iliyofuata mganga hakuwepo tena. Radi ilishuka na kulipiga jabali, na kilichofunguliwa humo hakikuwa mwanamke bali kitu cha mviringo. Hakuna aliyemwelekeza achore hivyo. Ushauri aliopewa na Jung ulikuwa mwepesi: asiogope rangi kali.

Naamini jibu la swali letu limo katika mawe yale. Maneno ni chombo ambacho mtu mzima amekizoea mno. Anajua kukitumia kujieleza, na anajua vilevile kukitumia kujificha. Mwanamume aliyeambiwa miaka thelathini ajikaze, ukimuuliza anajisikiaje, atakujibu "niko sawa" kabla swali halijafika moyoni. Mkono wake, usiozoea kuchora, haujajifunza kusema "niko sawa". Zaidi ya hapo, mchoro ukishakamilika huwa umetoka nje ya aliyeuchora: uko mezani, unaweza kuusogeza, kuugeuza, kuutazama kwa mbali au kuurudia wiki ijayo. Hisia iliyokuwa ndani kama uzito usio na sura sasa ina rangi na mipaka, na mtu anaweza kuiuliza swali.

Kwa sababu hiyohiyo baadhi ya wataalamu humwomba mtu achore kwa mkono asiouzoea. Wasomaji wa Kiswahili wana njia yao ya kulielewa zoezi hili, kwa kuwa lugha yetu inauita mkono wa kulia "mkono wa kuume", na ule wa kushoto, katika matumizi ya zamani, "mkono wa kike". Mstari wa mkono wa kushoto hutetemeka, duara halifungi vizuri, na uso uliokusudiwa kuwa mkali hutokea una huzuni. Halafu mkono wa kulia hupewa kalamu ya rangi nyingine ili ujibu kwenye karatasi ileile, na yule mtu akabaki akitazama mazungumzo ambayo hajawahi kuyaruhusu kwa mdomo.

Mtaalamu mzuri hatoi tafsiri ya picha. Hamwambii mtu kwamba nyekundu ni hasira au nyoka ni baba. Anauliza: huyu aliyesimama pembeni anatazama nini? Angekuwa na sauti, angesema nini? Kiswahili nacho huchangia kwa namna yake, kwa sababu mtu anaweza kusema "amekaa, ananitazama, ananisubiri" bila kufichua kama anayesubiri ni mwanamke au mwanamume. Anapoulizwa, wakati mwingine hunyamaza kwa muda, kwani hata yeye alikuwa hajajua, na kimya hicho kina thamani.

Nisingependa msomaji aondoke akidhani kwamba hisia ni mali ya wanawake na hoja ni mali ya wanaume. Jung aliandika kama mtu wa zama zake, na sehemu hiyo ya mafundisho yake imepingwa kwa haki. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Sandra Bem wa Marekani alitoa kipimo kilichohesabu sifa zinazoitwa za kiume na zinazoitwa za kike katika mizani mbili tofauti, hivyo kuonyesha kuwa mtu anaweza kuwa na nyingi za aina zote mbili. Nguvu ya moja si upungufu wa nyingine. Majina "kiume" na "kike", kwa maoni yangu, yanafaa hapa kwa sababu moja: ndiyo majina tuliyotumia tulipokuwa tunawakataza watoto wetu.

Kuhusu ushahidi, ni lazima tuseme kile kilichopimwa na si zaidi. Mwaka 2016 Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walipima mate ya watu wazima 39 kabla na baada ya dakika 45 za kufanya sanaa, wakakuta kiwango cha kotisoli, homoni inayohusishwa na msongo, kimeshuka kwa takriban asilimia 75 ya washiriki. Utafiti huo haukupima uwiano wa kike na kiume, na hauwezi kutumiwa kudai hivyo. Unaonyesha tu kwamba mwili hutulia mikono inapofanya kazi hii, na, kwa maoni yangu, mtu aliyetulia huthubutu kutazama alichokuwa anakikwepa. Mwenye majeraha mazito ya nafsi, kwa mfano aliyefanyiwa ukatili, asijaribu peke yake, kwa kuwa picha huweza kufungua mlango haraka kuliko alivyojiandaa.

Michoro haitupwi. Hutiwa tarehe, ikahifadhiwa, na baada ya miezi ikapangwa sakafuni kwa mfululizo ili aliyeichora aone mwenyewe kilichobadilika. Jung alipochapisha kisa cha X aliipanga picha kwa picha, 24 kwa jumla, kuanzia ile ya mwanamke aliyenaswa jabalini. X mwenyewe alirudi Marekani na kuendelea kuchora kwa miaka mingi.